Mwanamume Aliyezaa Mara Thelathini na Saba

Kicheko kilianza kwa mhasibu, mtu ambaye taasisi nzima ilikuwa haijawahi kuyaona meno yake. Kikamrukia mwanasheria aliyekaa kando yake, kikazunguka meza, na kabla mtafiti hajamaliza sentensi yake chumba kizima kilikuwa kimeshika mbavu.

"Hebu rudia," alisema mkurugenzi huku akifuta miwani. "Huyo bwana amezaa mara ngapi?"

"Mara thelathini na saba," mtafiti akajibu. "Nne kati ya hizo kwa upasuaji."

Ukutani, mwanga wa projekta ulionyesha mstari mmoja wa takwimu. Mtu mmoja, namba moja ya usajili, jinsia ya kiume. Kwa mwaka mmoja alikuwa ametibiwa mara elfu moja mia nne na kumi na mbili katika hospitali ileile. Alikuwa ametolewa kidole tumbo mara sita. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjika mara kumi na moja.

"Na wa kulia?" mwanasheria akauliza.

"Wa kulia mzima kama chuma," mtafiti akasema, na hapo hata yeye mwenyewe akacheka.

Ulikuwa mkutano wa kupanga vipaumbele vya utafiti. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa imejenga kile walichokiita Mfumo Mkuu: programu juu ya programu, maelfu kwa maelfu, zilizounganisha hospitali, shule, mahakama, vizazi na vifo, pensheni na leseni. Hakuna mtu hata mmoja aliyeujua wote. Vipande vyake vingine viliandikwa na watu waliokwisha kustaafu, vingine na kampuni zilizokwisha kufungwa, na kila kukicha uliongezewa kipande kipya. Kuuzima ili utengenezwe haikuwezekana hata kwa saa moja. Nani azime moyo ili aupige deki? Sasa taasisi ilikuwa imepewa fedha za kuuchunguza kwa miaka mitano, lakini fedha za mada tatu tu. Mada zilizopendekezwa zilikuwa kumi na mbili, kila moja imeandikwa kwenye kadi na kubandikwa ukutani. Jumatatu iliyofuata kila mjumbe angepewa vibandiko vitano vyekundu, avigawe kwa mada anazoona zitangulie.

Mada ya mtafiti iliitwa "Mfumo Ujikague Wenyewe". Alitaka Mfumo ufundishwe kuzikamata taarifa za uongo na kuzizuia mlangoni, pasipo mkono wa mtu. Kabla ya siku ile mada hiyo ilikuwa inajikongoja katikati ya orodha. Baada ya mwanamume mzazi, kila mtu alijua itakuwa ya kwanza. Ya mwisho kabisa ilikuwa kadi ya mama mmoja mhandisi, mstaafu aliyeitwa kwenye kamati kwa heshima ya mvi zake: "Watu Wanaoushikilia Mfumo". Katika kura ya majaribio haikupata hata kibandiko cha huruma.

Kwa utaratibu wa taasisi, namba za watu zilifunikwa. Watafiti waliona herufi za kubuni tu, wala hata jina la hospitali hawakulijua. Lakini mkutano ulipokwisha mkurugenzi alimshika mtafiti bega. "Huyu lazima tumfunue," alisema. "Mbele yetu kuna wizi, au kuna mwujiza. Andika fomu."

Akaandika. Penye sababu aliweka maneno matatu, "Shaka ya udanganyifu", kwa mwandiko wake mzuri wa shuleni, akatia saini, akaenda nyumbani akiwa mwepesi kama unyoya.

*

Alhamisi aliporudi kazini alimkuta mumewe amekwisha kufika. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Mumewe alikuwa karani wa mapokezi katika hospitali kubwa ya mji, na hakuna siku aliyowahi kuondoka pale kabla saa moja na nusu hazijapita baada ya wenzake kutoka. Mtafiti alikuwa amegombana naye kwa hilo mpaka akachoka.

Sasa alikuwa ameketi mezani na sare yake, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mama yake mzazi, aliyeishi nao, alikuwa kitini karibu na dirisha akimshonea mjukuu wake kifungo cha shati la shule. Mjukuu mwenyewe, msichana wa miaka saba waliyemwita Kijino kwa ajili ya pengo lake la mbele, alikuwa sakafuni na vitabu.

"Nimesimamishwa kazi," karani alisema.

Mtafiti akaweka mkoba chini. "Kwa kosa gani?"

"Kwa uzazi," akajibu mama mkwe bila kuinua macho kwenye sindano. "Wanasema mwanangu amezaa mara thelathini na saba. Na mimi hapa nina mjukuu mmoja. Wengine wote kawaficha wapi, hata sijui."

Kijino akacheka. Karani pia akajaribu kucheka, akashindwa.

"Nitakueleza, Mama Kijino," alisema. "Mtu analetwa hajitambui, hana kadi. Au mtoto kazaliwa njiani. Au bibi kadi anayo lakini mashine haiisomi. Mfumo haukubali kufungua faili bila namba. Bila faili maabara hawapimi, dawa hazitoki. Ningefanyaje? Natumia namba."

"Namba ya nani?"

"Yangu. Nikitumia ya mtu mwingine nitamvurugia mwenzangu maisha, aonekane ana sukari na hana. Yangu naijua. Nikiugua mimi nitawaambia madaktari wasiiamini kompyuta. Mkononi kwa mgonjwa nabandika plasta yenye jina, au alama kama jina halipo. Halafu jioni, wenzangu wakiondoka, nabaki nazihamisha. Namba za kweli zikipatikana, kila mtu narudisha kwake."

Kwa miaka yote hiyo hakuwa amemsimulia. Au labda aliwahi kuanza. Mtafiti alikumbuka jioni kadhaa alizomkatiza: kazi ya kupokea watu ina nini cha kusimulia?

Karani akamsogezea barua. Ilikuwa fupi. Nusu mshahara, kamati ya nidhamu siku ya Jumanne, kuachishwa kazi kabisa kama tuhuma zitathibitika. Mstari wa nne ulisema: *kwa mujibu wa Taarifa Na. 14 ya Taasisi*. Mtafiti alizijua taarifa zote za mwaka ule kama mtu anavyowajua wanawe kwa kuzaliwa. Ya kumi na nne ilikuwa yake.

Damu ilimpanda usoni. Akaishika barua karibu na macho, kana kwamba maandishi yalikuwa madogo.

"Wewe unawajua watu wa huko," karani alisema. "Aliyeandika hii ni nani? Labda mtu akimwendea vizuri, akamweleza tu, ataelewa."

"Tuko wengi," mtafiti akasema.

Lilikuwa jibu la kweli, na hapo ndipo palipouma. Uongo angeweza kuutubia papo hapo. Lakini kweli ile aliijenga kwa ustadi, ukuta wa kujificha nyuma yake, na mumewe akaitikia kwa kichwa, akamwamini.

"Wanasema walicheka sana huko," aliongeza karani. "Mkuu wa hospitali kaniambia. Anasema chumba kizima."

Mama mkwe akakata uzi kwa meno. "Acha wacheke. Ulimi hauna mfupa."

*

Kesho yake mtafiti aliaga kwamba anakwenda kuchukua vitu vya mumewe, sweta na kikombe, maana yeye mwenyewe alikatazwa kukanyaga mapokezi. Alitaka kuona. Alikuwa ameutafiti Mfumo Mkuu kwa miaka sita, na mara ya mwisho kusimama mahali unapotumika alikuwa mwanafunzi.

Dirishani kwa mumewe alikaa kijana wa muda, nadhifu, mwenye adabu, anayefuata kanuni. Mbele yake palikuwa na mama aliyembeba mtoto wa siku mbili.

"Namba, mama."

"Kadi yangu iliibwa, mwanangu. Nilishawaambia."

"Mfumo hauendelei bila namba. Subiri kwenye benchi."

"Nimesubiri tangu asubuhi."

"Mama, si mimi. Ni Mfumo."

Kwenye benchi walikuwapo tisa. Mtafiti aliwahesabu kwa mazoea tu, kisha akatamani asingewahesabu. Mzee mmoja alikuwa amefunga mguu kwa kitambaa cha meza. Hakuna aliyepiga kelele. Walikaa kama watu waliozoea kuambiwa wasubiri.

Sista wa zamu alimjua akaja mbio. "Shemeji! Karani Pitisha yu hali gani?"

"Nani?"

"Mumeo. Sisi tunamwita Pitisha. Ukimletea mtu hana mbele wala nyuma, atakupitishia." Akamvuta kando, akatoa daftari la jalada gumu chini ya kabati la dawa. "Hili nililificha kabla hawajaja kupekua. Mpelekee. Yumo kila mgonjwa wangu aliyepita."

Mtafiti aliketi mwisho wa benchi, akalifungua. Kurasa zilipigwa mistari kwa rula. Tarehe. Jina au alama. Ugonjwa. Namba ya kweli. Na safu ya mwisho, kwa wino wa kijani: *Imehamishwa*, na tarehe. Ukurasa baada ya ukurasa, imehamishwa, imehamishwa. Alihesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, na ilimchukua zaidi ya saa nzima. Waliohamishwa walikuwa elfu moja mia tatu tisini na watatu. Waliobaki walikuwa kumi na tisa, na mbele ya kila mmoja wao mumewe alikuwa ameandika: *Hajulikani. Bado.*

Ndipo alipoliona kosa lake.

Mfumo Mkuu haufuti kitu. Taarifa ikihamishwa, kivuli chake hubaki pale ilipokuwa, na alama ndogo ya kuonyesha kwamba mwenyewe amekwisha kuondoka. Mtafiti alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikwisha kuandika makala juu yake. Ili kuhesabu walio hai bila vivuli, mtu huongeza amri moja ya mstari mmoja. Mchana ule wa Jumatatu alikuwa amebakiza dakika ishirini kabla ya mkutano. Idadi ilipojitokeza ilikuwa tamu mno, akaiacha jinsi ilivyo. Alitaka wacheke.

Mama mwenye mtoto alikuwa bado amesimama. "Dada," alimwambia mtafiti, "wewe ni wa hapa? Niulizie basi."

"Mimi si wa hapa," mtafiti akasema, akafunga daftari.

*

Jumamosi asubuhi karani alikuwa anatengeneza bawaba ya mlango wa jikoni. Ilikuwa imelegea tangu mwaka juzi, na sasa alikuwa na muda. Mtafiti alisimama nyuma yake. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno.

"Taarifa namba kumi na nne niliiandika mimi," alisema.

Bisibisi ikaacha kuzunguka.

"Sikujua ni wewe. Namba zilikuwa zimefunikwa. Lakini hata kama angekuwa mtu mwingine, nilihesabu vibaya. Nilihesabu vivuli. Na fomu ya kukufunua niliisaini mimi."

Karani hakugeuka. Aliitazama bawaba kama mtu anayesoma. "Juzi nilipokuuliza ulikuwa umekwisha kujua?"

"Ndiyo."

"Ukasema mko wengi."

"Ndiyo."

Kijino alikuwa nje akiimba peke yake. Kisha karani akauliza swali ambalo mtafiti hakulitegemea, swali dogo, kwa sauti ya chini kabisa:

"Ulicheka?"

Angeweza kusema kila kitu kingine. Angeweza kueleza amri ya mstari mmoja, dakika ishirini, mkurugenzi na miwani yake. "Nilicheka," alisema.

"Kwa nguvu?"

"Si wa kwanza. Lakini nilicheka."

Karani akaitikia kwa kichwa, polepole. "Hospitali walinicheka watu baki," alisema. "Nikajiambia, hawa hawanijui." Akaanza tena kuzungusha bisibisi, na mtafiti akaona kwamba anaizungusha kinyume, anailegeza bawaba aliyokwisha kuikaza.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, na ilikuwa wazi amesikia tangu mwanzo. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Mwanangu," alimwambia mkwewe, "mficha uchi hazai. Umesema, umesema. Sasa huko ulikosemea kwanza, je?"

"Jumatatu nitasimama. Nitawaeleza alivyokuwa akiwasaidia watu, nitawaomba..."

"Usiombe," karani akasema, bado amempa mgongo. "Usiende kunililia mbele ya watu wale. Mimi si maskini wa kuombewa. Wewe sema hesabu. Sema hesabu ilivyo, basi."

*

Jumatatu, kabla vibandiko havijagawiwa, mtafiti aliomba nafasi. Alikuwa na karatasi moja mkononi, akailaza mezani.

"Mfano nilioutoa wiki iliyopita haukuwa sahihi," alisema. "Sikuondoa taarifa zilizokwisha kuhamishwa. Idadi ya kweli si elfu moja mia nne na kumi na mbili. Ni kumi na tisa. Zilizobaki zote zilirekebishwa na karani huyohuyo, kwa mkono, ndani ya siku chache. Kiwango chake cha kurekebisha ni asilimia tisini na nane nukta saba. Mashine tuliyopendekeza sisi, katika majaribio yetu, ilifikia sabini na moja."

Hakuna aliyecheka. Mhasibu alikuwa ameanza kuandika.

Mkurugenzi alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na swali lake halikuwa baya. "Tuchukulie wameletwa wawili hawajitambui kwa siku moja, kwa namba hiyo moja. Damu ya huyu ikaandikwa kwa yule. Nani atajibu?"

"Alikuwa anawabandika plasta."

"Plasta, mama."

"Hatari ipo," mtafiti akakubali. "Siipunguzi. Lakini sisi tulitaka kumzuia yeye mlangoni, na hatukuuliza kwa nini mlango haufunguki. Ijumaa niliwaona watu tisa wamekaa kwenye benchi. Kwenye takwimu zetu hawamo. Mtu asiyepita hahesabiwi. Naomba mfano wangu uondolewe kabla hamjapiga kura, na naomba masahihisho haya yapigwe muhuri, karani ana kamati kesho."

"Na umejuaje ni karani, na kwamba ana kamati kesho?" mwanasheria akauliza. "Wewe si uliona herufi tu?"

Sasa likafika. Alihisi masikio yakimwaka moto.

"Ni mume wangu," alisema.

Mtu mmoja nyuma alitoa pumzi iliyokaribia kicheko, akaimeza. Wengine walitazama meza. Mtafiti angeweza kuyasoma mawazo yao kama yaliyoandikwa ukutani: kumbe. Hesabu yote aliyoisema, iliyo sahihi mpaka sehemu ya kumi, sasa ilikuwa utetezi wa mke. Mwanasheria alieleza kwa upole kwamba mjumbe mwenye maslahi binafsi hawezi kupiga kura, kanuni ziko wazi. Vibandiko vyake vitano vilikuwa vimekwisha kuwekwa mbele yake. Mhudumu akanyoosha mkono kuvichukua, na kwa kuwa kimoja kilikuwa kimenasa mezani, ilibidi mtafiti akibandue kwa kucha, watu wote wakimtazama, mpaka kikatoka.

Alisubiri koridoni, kwenye kiti cha plastiki mkabala na choo. Watu wa idara nyingine walipita wakamsalimu, naye akawaitikia. Baada ya saa moja mama mhandisi alitoka akaja kuketi kando yake.

"Mfumo Ujikague umeanguka mpaka nafasi ya saba," alisema. "Hukuacha kitu."

"Na kadi yako?"

"Ya nne, mwanangu. Kutoka kapa mpaka ya nne. Hata mhasibu kaipa kimoja." Mama mhandisi akanyoosha miguu yake iliyovimba. "Fedha ni za tatu za kwanza. Tumekosa kwa vibandiko viwili."

Mtafiti akafunga macho. Vitano. Alikuwa navyo vitano.

"Najua," mama mhandisi akasema. "Usihesabu. Kama usingesema lile la mumeo ungekuwa umewadanganya mara mbili." Akamkabidhi karatasi. Juu yake palikuwa na muhuri wa taasisi, bado mbichi, na saini ya mkurugenzi. "Kapiga mwenyewe. Kasema, hesabu ni hesabu. Ila na wewe umeondolewa kwenye kamati. Utaletewa barua."

*

Kamati ya nidhamu ilikaa dakika arobaini. Karani aliisoma ile karatasi kabla ya kuingia, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Alipotoka alisema amerudishwa kazini kwa onyo la maandishi, na kwamba amesaini. Akigusa tena namba yake kwa ajili ya mtu mwingine, hakuna kamati. Ni kufukuzwa tu.

"Na atakayekuja hana namba?" mtafiti akauliza.

"Kwenye benchi."

Walitembea hadi nyumbani. Siku zile karani alikuwa anaongea naye kwa adabu, kama jirani mpya: chumvi iko wapi, nani anamchukua Kijino. Mtafiti hakuomba zaidi. Lakini usingizi ulimpaa, na alipoletewa barua ya kuondolewa kwenye kamati, aliijibu kwa kuomba likizo yake ya mwaka, siku ishirini na moja.

"Nataka nije nikae pale kwenu," alimwambia mumewe. "Mapokezi. Wale wanaorudishwa benchi hakuna anayewaandika. Mwakani vipaumbele vitapitiwa upya, na hakutakuwa na hesabu yao ila mtu aende akawahesabu."

Karani alikuwa anapiga pasi sare yake. "Kwa likizo yako?"

"Taasisi haitanituma."

"Waambie wenyewe kwanza," alisema. "Mimi sitakuambia njoo, wala sitakuambia usije. Waambie wewe ni nani."

Kwa hiyo Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mtafiti alisimama mapokezi mbele ya sista, mlinzi na wafagizi wawili. Sista alifungua mikono amkumbatie. "Shemeji, umetuletea mtu wetu."

"Sista, ile taarifa iliyomsimamisha niliiandika mimi."

Mikono ya sista ilibaki hewani, kisha ikashuka. Alimtazama mtafiti, akamtazama karani, ambaye alikuwa amekwisha kukaa dirishani na kuwasha kompyuta kana kwamba hasikii.

"Wewe," alisema sista. "Na daftari nikakupa kwa mikono yangu."

"Ndiyo."

"Ukakaa pale ukalisoma mbele yangu. Nikakuletea maji."

"Ndiyo, sista."

Mlinzi alisonya, akaenda zake getini. Mtafiti alisimama palepale. Alikuwa ametegemea kwamba baada ya kusema mara mbili, mara ya tatu ingekuwa nyepesi, kumbe aibu haina mazoea. Mwishowe sista alichukua kiti kilichopasuka mgongo, akakiburura mpaka mwisho wa benchi. "Kaa hapo," alisema. "Usimzuie mtu njia."

Wa kwanza alifika saa mbili kasoro. Alikuwa mzee mwembamba, anajishika ubavu, hana kadi. Karani alimweleza kwa sauti ya taratibu, akatamka kila neno la kanuni, vidole vyake vimelala juu ya vitufe bila kugusa kimoja. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaja kuketi.

Mtafiti alifungua daftari jipya, akapiga mistari. Aliandika tarehe, saa, na neno *amesubirishwa*. Kalamu ikasita. Katika miaka sita ya kazi yake hakuwa amewahi kumwuliza mtu yeyote swali lililofuata.

"Baba, samahani," alisema. "Jina lako ni nani?"

Mzee akanyanyuka kidogo kwenye benchi, kama mtu aliyeitwa hatimaye. Akamtajia majina yake yote matatu, na la mwisho akalirudia herufi kwa herufi ili asikosee. Kisha akainama kulitazama likiandikwa, akasema, "Ahsante sana, mwanangu, Mungu akubariki," na mtafiti, ambaye hakuwa amemfanyia lolote, aliinamisha uso juu ya ukurasa, akasubiri wa pili.